Kibali cha ngoma hakiruhusu kelele

Msimu umefika. Fedha za korosho zimeanza kuingia, shule zinafungwa Desemba, wanawali wanatolewa unyagoni, na kuanzia Chikongola hadi Mikindani kila mtaa una turubai na spika zake. Hakuna afisa mazingira mwenye akili timamu atakayesimama Mtwara akataka ngoma zikome. Ila malalamiko ya kelele yanayofika mezani kwetu maafisa mazingira kipindi hiki ni mengi, na karibu kila anayelalamikiwa hutuonyesha karatasi ileile: kibali.

Kibali hicho, kiwe cha serikali ya mtaa au cha polisi, kinaruhusu watu kukusanyika na shughuli kufanyika kwa saa zilizotajwa. Hakitaji desibeli, yaani namba ya ukubwa wa sauti. Sauti inasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015. Viwango vinatofautiana: maeneo ya hospitali na shule yako chini kabisa, ya viwanda yako juu. Usiku unahesabiwa kuanzia saa 4:00 hadi saa 12:00 asubuhi, na hapo kiwango hushuka. Lakini mchana nao una kikomo chake, jambo ambalo tumelisema mpaka tumechoka. Hiyo "kabla ya saa nne ruksa" sijui ilitoka wapi. Kwenye kanuni haimo.

Jambo la pili: kelele hupimwa kwa anayeisikia. Afisa haji kuweka kipimo mdomoni mwa spika yako. Kwanza anakihakiki kwa kifaa kidogo kinachotoa mlio mmoja wa desibeli 94. Kipimo kisiposoma hivyo, kazi haianzi. Kisha anasimama mpakani mwa nyumba ya mlalamikaji, kipimo kikiwa usawa wa kifua, mbali kidogo na ukuta usije ukarudisha sauti, na kimevishwa sponji ya kuzuia upepo (upepo wa Shangani mnaujua). Anasoma muziki ukipigwa, anasoma tena ukiwa umezimwa. Kwa hiyo ile namba ya programu ya simu ya kupimia sauti unayotutumia WhatsApp inatuonyesha pa kwenda, basi. Mahakamani haisimami.

Desibeli hazijumlishwi kama magunia ya korosho ghalani. Spika mbili zinazolingana zinaongeza desibeli 3 tu juu ya ile moja. Lakini mahali pa wazi, jirani aliyekuwa mita 10 kutoka kwenye spika akiwa mita 20 anapunguziwa takriban desibeli 6. Mwenye shughuli akiniuliza afanye nini, humwambia ageuze spika zitazame wachezaji badala ya madirisha ya watu, azisogeze mbali na nyumba, na amwambie dijei apunguze besi. Besi ndiyo inayopenya ukuta na kutikisa mabati. Aliyelala nyumba ya tatu hasikii hata neno moja la wimbo. Anasikia mdundo tu, usiku kucha. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ndani ya chumba cha kulala isizidi wastani wa desibeli 30. Kuhusu masikio yenyewe, wataalamu wa afya kazini wanahesabu kikomo hivi: desibeli 85 kwa saa 8, 88 kwa saa 4, 100 kwa dakika 15. Vijana wanaokesha wameegemea spika wajipigie hesabu wenyewe.

Mwenye malalamiko aanzie kwa mtendaji wa mtaa. Aandike tarehe, saa kelele ilipoanza na ilipoisha, chanzo chake na mahali. "Kuna makelele huku kwetu" si taarifa. Kutoka hapo suala huja kwa afisa mazingira wa halmashauri au ofisi ya NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, Kanda ya Kusini, hapahapa Mtwara. Tukithibitisha, mhusika anaweza kupewa amri ya kurekebisha au katazo, na kukaidi amri hiyo ni kosa jingine. Anayekiri kwa maandishi anaweza kufifilishiwa kosa, yaani akalipa faini bila kufikishwa mahakamani. Alipe kwa namba ya malipo ya serikali na apewe stakabadhi; asimpe mtu fedha mkononi. Na aelewe kuwa hajanunua wikiendi ijayo. Akirudia, ni kosa jipya.

Asiyekiri tunakutana mahakamani. Kuna pia kifungu cha 170 cha Kanuni ya Adhabu, kuhusu kuwasababishia watu kero, na kifungo chake kinafika mwaka mmoja. Kifungu hicho kinasema haijalishi kwamba kitendo kinawafaa watu wengi kuliko kinaowaudhi. Utetezi wa "mtaa mzima ulikuwa unacheza" tumeusikia sana, na hausaidii.

Baa zimo kwenye kanuni hizi. Nyumba za ibada zimo pia, na tunapendelea kuzungumza kwanza na viongozi wao kabla ya kuandika lolote. Wauza dawa ya panya na kunguni wanaozungusha tangazo moja sokoni tangu asubuhi nao wasidhani wamesahaulika. Bodaboda waliotoboa ekzosti, wapelekeeni askari wa usalama barabarani.