Matangazo ya YouTube: Tunayoyaamini na Yalivyo

Dhana: Tangazo likitokea kwenye video, aliyeitengeneza kalipwa.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana wanaoumizwa nayo ni wadogo. Tangu Novemba 2020, masharti ya YouTube yanairuhusu kuweka matangazo hata kwenye chaneli ambazo hazimo kwenye mpango wake wa ubia, na wenye chaneli hizo hawapati hata senti. Ili ugawiwe fedha za matangazo unatakiwa uwe na wafuatiliaji 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Fikiria fundi pikipiki anayefundisha kusafisha kabureta, ana wafuatiliaji 600. Tangazo la kamari linaweza kukutokea kabla hata hajashika bisibisi, na yeye asione chochote. Aliyevuka vigezo hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo ya video ndefu. Hata hapo, mwenye tangazo anayelipia kwa kutazamwa hatozwi ukiliruka tangazo lake refu kabla ya sekunde 30.

Dhana: Matangazo ya katikati ya video yameongezeka kwa tamaa ya wenye chaneli.

Wapo wanaorefusha maneno makusudi, sikatai. Lakini aliyefungua mlango ni kampuni yenyewe: Julai 2020 ilishusha urefu wa video inayoruhusiwa kukatizwa na matangazo, kutoka dakika 10 hadi 8.

Dhana: Ukilipia Premium (huduma ya YouTube ya kulipia ili usiwekewe matangazo), unamnyima riziki unayemtazama.

Si kweli. Sehemu ya ada yako hugawiwa wenye chaneli walio kwenye mpango wa ubia, kulingana na muda ambao wanachama wamewatazama. Anayewanyima ni yule anayetumia programu ya kuzuia matangazo.

Dhana: Ukishalipa, hutaona tena tangazo.

Sifa za sabuni au benki anazozisoma mwenyewe msimulizi ndani ya video zinabaki palepale. Kifurushi cha bei nafuu, Premium Lite, bado kina matangazo kwenye muziki na video fupi. Tena kulipa leo hakukuhakikishii kesho: Januari 2024, wanachama wa Amazon Prime Video, huduma ya filamu mtandaoni, nchini Marekani, waliokuwa wakilipa siku zote, walianza kuwekewa matangazo, na asiyeyataka akaambiwa aongeze dola 2.99 kwa mwezi.

Dhana: Asiyelipa hana la kufanya.

Idadi ya matangazo hutaibadilisha, na bando lako litaendelea kuliwa. Aina yake unaweza kuigusa. Kwenye akaunti ya Google, sehemu ya mipangilio ya matangazo, unaweza kuomba upunguziwe ya kamari, pombe, kutafuta wapenzi na kupunguza uzito. Kama watoto wanatazama katuni kwenye simu yako, anza na kamari.