Ile 10,000 si ya kuingia kwenye simu yako

Juzi tena nimeletewa pawabenki na kijana kakasirika kweli, anasema kapigwa, imeandikwa 10,000 mAh (miliampia-saa, elfu moja ni ampia-saa moja) na betri ya simu yake ni 5,000 lakini haijazi mara mbili, inajaza mara moja na kidogo inakata. Nimeipima, nzima kabisa. Nimechoka kulieleza hili kwa mtu mmoja mmoja.

Hiyo 10,000 ni ya seli za ndani, na seli za lithiamu ni volti 3.7. Tundu la USB linatoa volti 5. mAh bila volti haikwambii una nishati kiasi gani, ni sawa na mtu aniambie ana madumu kumi ya maji asiseme dumu ni la lita ngapi! Zidisha ampia-saa 10 kwa 3.7, unapata Wh 37 (wati-saa, kipimo cha nishati yenyewe), hiyo ndo mali yako. Sasa gawanya kwa 5: 7,400 mAh. Na hapo bado hakuna kilichopotea jamani, hakuna aliyeiba kitu, nishati ni ileile ila imepandishwa volti. Hapa ndo kila mtu ananibishia.

Kupotea kunaanza baada ya hapo. Ukiifungua, kwenye bodi kuna kikoili kidogo, ndo kinasaidia kupandisha volti. Simu ikichaji nusu saa kiguse, kina joto, na lile joto ni chaji yako inaondoka, asilimia 10 mpaka 15 hivi, zile 7,400 zinabaki kama 6,300 mpaka 6,600. Waya mwembamba nao unakula. Simu nayo inazishusha tena zile volti 5 ziendane na betri yake ya 3.85, joto lingine. Kwenye zile 37 zinaingia kama 27 au 28, na betri ya 5,000 inataka kama 19. Ni mara 1.4 basi.

Na nikiri, hata hiyo 3.7 ni wastani tu, seli ikijaa inafika 4.2 na ikiisha inakaribia 3, kwa hiyo hesabu yangu ni ya kukadiria, ukibadilisha waya tu majibu yanasogea.

Feki zipo, nimeshafungua iliyojazwa mchanga ili iwe nzito, ndani kaseli kamoja. Ila feki ya namna hiyo haikupi 6,300, inakupa elfu mbili imekufa. Wewe geuza nyuma usome yale maandishi madogo, tafuta Wh, hata kwenye ndege wanaangalia hiyo, mwisho 100 bila kuomba ruhusa. Nyingi zinaandika na mAh za volti 5 pia.

Yule kijana nilimgeuzia ya kwake chini ya taa. Imeandikwa 6,200 mAh, 5V, herufi kama punje za mtama.