Mtoto wa ADHD anayekurupukia hatari: dhana na ukweli

ADHD ni hali ya ubongo inayomfanya mtoto apate shida kutulia, kumakinika na kujizuia.

Dhana: "Anajua ni hatari, huo ni ukaidi tu."

Kujua anajua. Muulize akiwa ametulia, atakutajia kanuni zote za barabarani. Lakini ubongo wake unachelewa kukomaa: utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 uliopiga picha za bongo za watoto ulikuta ucheleweshaji wa takriban miaka 3, hasa sehemu ya mbele inayozuia mwili usifuate kila wazo. Mpira ukivuka barabara, miguu hutangulia. Msaada basi uwekwe pale pale hatari ilipo.

Dhana: "Kiboko kitamfunza."

Kiboko huja baada ya tendo. Kilichokosekana ni sekunde chache kabla yake. Anachojifunza ni kumwogopa mchapaji na kuficha makosa. Shuleni, Uganda ilikataza adhabu hiyo kwa marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016.

Dhana: "Mwambie tu afikiri kwanza."

Hapa ndipo wazazi wengi hukwama. "Fikiri" haimwambii mtoto mwili wake ufanye nini. Mpe sentensi inayofunga mahali na tendo: "Nikifika ukingoni mwa barabara, nasimama, nashika mkanda wa begi." Mikono ikipata kazi, ni rahisi zaidi mwili kutulia. Kisha aangalie kulia, kushoto, kulia tena, kwa kuwa Uganda magari hupita kushoto; boda boda hutokea upande wowote, kwa hiyo aendelee kuangalia anapovuka.

Aiseme kwa sauti, mkiwa barabarani penyewe, mara 4 au 5, kwa dakika zisizozidi 10, akiwa hana njaa wala haraka. Shikeni hatari moja. Ya pili, iwe sigiri au kupanda mfenesi, isubiri hadi ya kwanza aifanye wiki nzima bila kukumbushwa. Kanuni 6 kwa siku moja hazishiki hata moja.

Akisimama mwenyewe, msifu papo hapo na umpe kizibo cha soda. Vizibo 5 vikitimia, apate rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) au mcheze ludo siku hiyo hiyo. Zawadi ya mwisho wa muhula iko mbali mno kwake. Akianza kuichoka zawadi ya vizibo, ibadilishe.

Mazoezi hayaondoi ulinzi. Penye magari mengi mshike mkono, viberiti vifungie, na ziwani asiingie bila mtu mzima anayejua kuogelea, aliye karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.

Dhana: "Ni sukari." Majaribio yaliyolinganisha sukari na vitamu visivyo na sukari hayakuona tofauti ya tabia.

Dhana: "Dawa zitamfanya zezeta."

Methylphenidate, dawa inayotumika sana kwa ADHD, hupunguza dalili, haiondoi hali yenyewe. Ile ya muda mfupi hufanya kazi kama saa 4, kwa hiyo jioni, wakati sigiri inawaka, inaweza kuwa imeshaisha nguvu. Mtoto akizubaa, pengine kipimo ni kikubwa: mrudisheni kwa daktari, msikibadilishe wenyewe. Kwa uchunguzi, Hospitali ya Butabika jijini Kampala ndiyo ya rufaa ya kitaifa kwa afya ya akili. Nendeni na maelezo ya mwalimu yaliyoandikwa, kwani daktari anahitaji kuona kwamba dalili zipo shuleni pia, si nyumbani pekee.