Kunyimwa viza si kupigwa marufuku

Wengi huamini kwamba ukinyimwa viza mara moja jina lako limechafuka milele, hata viza ya kazi hutapata tena, na dawa yake ni kuchukua pasipoti mpya na kukaa kimya. Imani hiyo si kweli, na dawa yenyewe ndiyo hatari.

Ombi la viza ya kazi hupimwa kwa vigezo vyake: mwajiri, mkataba, sifa, pengine mshahara na lugha. Aliyekataliwa viza ya matembezi kwa sababu taarifa zake za benki zilikuwa hafifu anaweza kabisa kukidhi vigezo hivyo.

Kinachoponza watu ni kuficha. Fomu nyingi huuliza waziwazi kama uliwahi kukataliwa, mara nyingi na nchi yoyote ile. Pasipoti hubadilika, alama za vidole hazibadiliki. Tena Marekani, Kanada, Uingereza, Australia na New Zealand hupeana taarifa. Ukibainika umedanganya, Kanada hukufungia kuingia nchini humo kwa miaka 5, Uingereza miaka 10. (Wakala anayekushauri ujaze “hapana” hatafungiwa yeye.)

Taja kila kukataliwa, eleza sababu iliyoandikwa kwenye barua, kisha onyesha kwa nyaraka kilichobadilika tangu hapo.