Maji moto hawajakudondoshea vidaka

Mwezi huu nimetumiwa picha nne, na zote kama ni moja: mnazi mfupi nyuma ya nyumba, vidaka, yaani nazi changa, vimetapakaa chini, juu kuna kiota cha majani kimezungushiwa duara jekundu. "Mtaalamu, hawa maji moto wananimalizia nazi, nipige dawa gani?" Wa nne hakungoja hata jibu, alishapiga. Dawa ya mende, ile ya kopo.

Maji moto, yule sisimizi mwekundu anayejenga kiota cha majani juu ya mti, hali kidaka. Anakula nyama, yaani wadudu wenzake, na analamba vitu vitamu. Kuuma anauma, hilo silibishi. Mimi kashawahi kunipata kwenye kope. Anabana kwa taya kisha anamwagia asidi palepale, jina lake limetoka huko. Lakini kukuuma wewe na kudondosha nazi ni kesi mbili tofauti.

Anayedondosha, mara nyingi, ni kunguni wa minazi. Rangi yake kahawia, urefu sentimita moja na kidogo, na ukitikisa kuti karuka. Anachoma kidaka, anafyonza, na mate yake yana sumu inayoua nyama ya pale alipochoma. Hahitaji jeshi. Wachache tu juu ya mnazi wanatosha kukuachia shada tupu. Okota kidaka kilichoanguka, funua vile vigamba vilivyokishika kwa juu kama kofia. Ukiona madoa ya kahawia yaliyobonyea, pengine na utomvu uliokauka, ni yeye. Ukiona kidaka kisafi, tulia: mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi, na kiangazi kikikaza huzidisha.

Haya hayakuanza jana. Miaka ya 1950 Mwingereza mmoja, Michael Way, alikuwa Zanzibar akichunguza nazi zinazoanguka changa, akakuta kwamba minazi iliyoshikwa na maji moto ndiyo iliyopona. Kunguni mwenyewe kwa kitaalamu anaitwa Pseudotheraptus wayi, jina limetoka kwake. Kwenye mikorosho, watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele kule Mtwara na wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamewatumia maji moto haohao dhidi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi. Kwenye embe, kule Benin, imeonekana nzi wa matunda hukwepa kutaga kwenye tunda ambalo maji moto wamepita juu yake.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi hasa. Watu wanasema "sisimizi" kana kwamba ni kabila moja. Mtu ananiambia, "Lakini mbona kwangu sisimizi wamejaa na vidaka vinaanguka?" Namwambia apige picha ya karibu, na karibu kila mara nakuta si maji moto. Ni wale wadogo wa kahawia wanaoishi ardhini, wanaopanda shina kwa foleni, na kati yao wamo askari wenye vichwa vikubwa visivyolingana na miili. Hao ndio mahasimu wa maji moto. Huanzia kwenye shina, wanapanda, wanawafukuza, na wakishautwaa mnazi kunguni wanastarehe, maana hao wadogo hawamgusi.

Ukipiga dawa juu, unaua nani? Maji moto, wanaolala juu kwenye majani. Hao wadogo wapo chini ya udongo wanasubiri dawa ikauke tu. Wao ndio wanaorudi kwanza. Kwa hiyo umenunua dawa, umevuta harufu yake jioni nzima, na umemfungulia adui mlango.

Na jambo la pili, hapa akina mama wa Pwani watanichukia: kufagia. Chini ya mnazi panaparuliwa mpaka udongo unang'aa kama sakafu. Sisimizi wadogo wakikosa majani na takataka za kuhangaika nazo chini, wanapanda juu. Acha majani kidogo kuzunguka shina. Fagia barazani.

Sitasema maji moto ni malaika. Wanafuga vidugamba, vile vidudu vinavyofyonza utomvu wa mti, kwa ajili ya ule utamu wanaoutoa; Way mwenyewe aliandika kuhusu hilo kwenye mikarafuu ya Zanzibar. Utamu huo ukidondokea majani, yanaweza kuingia ule weusi kama masizi, na kwenye mlimau wangu mmoja sijui bado kama faida yao inazidi hasara. Mwaka mmoja nadhani ndiyo, mwaka unaofuata najiuliza. Na mlango wa jikoni ukiwa chini ya mti wenye viota, sitakulaumu ukikata tawi hilo moja. Wakati wa kuvuna mimi hupaka majivu mikononi na miguuni. Husaidia, si sana.

Kuwahamisha ni kazi ya kichwa. Mara ya kwanza nilikata viota viwili kutoka kwenye miembe miwili tofauti nikavitundika kwenye mnazi mmoja, nikidhani naongeza jeshi. Kumbe ni koo mbili. Asubuhi chini ya mnazi palikuwa na maiti nyekundu za kuzoa kwa koleo, na juu hakubaki hata mmoja. Halafu malkia ni mmoja kwa ukoo mzima, na ukoo unaweza kutanda miti kadhaa. Ukikata kiota asimokuwemo, umehamisha watu wasio na kesho.

Yule wa nne nimemwambia aoshe shina kwa maji ya sabuni, aache majani chini, aweke kopo kabatini. Ng'ambo ya ukuta wake jirani ana mwembe uliojaa viota. Afunge kamba ya katani kutoka tawi la mwembe hadi kwenye kuti la mnazi, kamba isiguse ukuta. Wakitaka watavuka wenyewe, na malkia wao abaki alipo. Ameniuliza ikiwa jirani atakubali. Hilo aende akamuulize jirani.