Nyanda za juu zilizo chini ya bahari: dhana potofu na ukweli

Kokoto nyingi zinazojenga Nairobi hupondwa kutoka fonoliti, lava iliyomwagika na kutanda mbuga za Athi na Kapiti mamilioni ya miaka iliyopita. Chini ya lava hiyo kuna miamba mingine kabisa, migumu, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Lava ya kwetu basi ni kifuniko tu. Ndiyo maana mwanafunzi wa hapa akisikia kwamba chini ya bahari kuna nyanda za juu za volkano, huwaza jambo lile lile: sakafu ya kale, na lava juu yake. Makosa mengi huanzia hapo.

Dhana: Ni lava iliyorundikana juu ya sakafu ya bahari.

Lava ipo, tena nyingi, lakini ni sehemu ya juu tu. Tazama Ontong Java, uwanda mkubwa kuliko zote, ulioko kaskazini ya Visiwa vya Solomon katika Pasifiki. Eneo lake lingemeza Kenya tatu hivi. Ganda la dunia chini ya bahari kwa kawaida lina unene wa kilomita 6 hadi 7. Hapa linazidi kilomita 30, unene wa bara. Na karibu unene huo wote ni kazi ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Juu kabisa kuna mashapo ya bahari, kisha basalti, lava nyeusi iliyoganda, tabaka kwa tabaka. Chini ya basalti kuna magma iliyojipenyeza katikati ya miamba ikaganda humo humo bila kufika juu. Chini kabisa kuna gabro, magma iliyoganda polepole vilindini, na miamba mingine mizito.

Hakuna aliyechimba hadi huko. Meli hupiga mishindo majini, na vyombo vilivyotegwa sakafuni hupima mawimbi ya mtetemo yanavyorudi. Katika kitako cha nyanda hizi mawimbi hupita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, kasi inayozidi ile ya sehemu ya chini ya ganda la kawaida la bahari. Miamba ya graniti, ambayo mabara yamejaa, haiwezi kuyapitisha kwa kasi hiyo.

Kimo nacho kinapotosha. Pale maji yalipo haba zaidi, Ontong Java imefunikwa na mita 1,700 hivi za maji, karibu sawa na mwinuko wa Nairobi kutoka usawa wa bahari. Ukilinganisha na sakafu iliyo jirani, uwanda umeinuka kilomita chache tu. Unene uliobaki umedidimia ndani ya koti la dunia, tabaka la mwamba lililo chini ya ganda, kama jahazi lililosheheni: kadiri shehena inavyoongezeka, ndivyo sehemu iliyo chini ya maji inavyokuwa kubwa.

Dhana: Ni bara lililozama.

Dhana hii inapendwa sana, na inastahili jibu la makini kwa sababu ina chembe ya ukweli. Ontong Java haikuwahi kuwa bara. Lakini Kerguelen, uwanda mwingine ulioko kusini mwa Bahari ya Hindi, ina mambo mawili ya kushangaza. Meli ya utafiti iliyochimba huko mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipata vipande vya miamba ya bara katika sehemu iitwayo Elan Bank, kipande kilichobanduka wakati India ilipoachana na Antaktika. Mahali pengine kwenye uwanda huo zilipatikana mbegu, chavua na mkaa wa mimea: sehemu yake iliwahi kuwa nchi kavu yenye msitu, kisha ikazama kadiri ilivyopoa.

Karibu na kwetu kuna uwanda wa Mascarene, na huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Mnairobi akienda Ushelisheli, kilomita zaidi ya 1,500 mashariki ya Mombasa, mawe makubwa ya ufukweni anayopigia picha ni graniti ya miaka milioni 750 hivi, kipande halisi cha bara. Ukifuata uwanda huo huo kuelekea kusini unakutana na volkano, hadi Morisi. Na mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba ndani ya mwamba wa volkano wa Morisi mna punje za zirkoni, madini magumu yanayodumu sana, zenye umri wa hadi miaka bilioni 3, ilhali lava za kisiwa hicho hazifiki hata miaka milioni 10. Magma ilizibeba kutoka chini ilipokuwa ikipanda.

Dhana: Chanzo chake kinajulikana, ni safu ya mwamba moto kutoka vilindini.

Hayo ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi, lakini mjadala haujafungwa. Kichwa cha safu kama hiyo kingepaswa kuiinua sakafu hadi juu ya maji. Lava za Ontong Java zilizochimbuliwa zinaonyesha kwamba karibu zote ziliganda ndani ya maji, tena ya kina kirefu. Kisha kuna uwanda wa Shatsky, mashariki ya Japani. Mwaka 2013 mlima wake uitwao Tamu ulitangazwa kuwa volkano moja kubwa kuliko zote duniani. Mwaka 2019, vipimo vya usumaku vilionyesha michirizi ile ile inayotokea pale mabamba, vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu la dunia, yanapoachana, kwa hiyo huenda Tamu ni ganda la bahari lililonenepa kupita kiasi na si volkano moja.

Dhana: Siku moja zitazama na kuyeyuka kama sakafu nyingine za bahari.

Sakafu ya kawaida huzama chini ya bamba jirani hadi ndani ya koti la dunia. Uwanda mnene hukwama. Ontong Java ilipofika Solomon, bamba la Pasifiki lilishindwa kuendelea kupita chini, na sasa ni bamba la Australia linalozama kutoka upande wa pili. Ukingo wa uwanda ulikunjwa na kusukumwa juu hadi ukatokeza baharini, na katika kisiwa cha Malaita watu wanatembea juu ya basalti yake.