Dawa Ipo, Maji Hakuna: Afya ya Mzanzibari Inaamuliwa Wapi?

Siku ya kugawa dawa za kichocho katika skuli za Pemba, mtoto husimamishwa kwenye kijiti cha kupimia urefu, huhesabiwa vidonge kwa kadiri ya kimo chake, akavimeza mbele ya mwalimu. Dawa yenyewe, praziquantel, ni nzuri. Inaua minyoo iliyokomaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Lakini haimkingi mtoto na minyoo ya kesho. Jioni akienda kuoga kwenye kijito kile kile, ambako konokono wa majini wanaendelea kutoa viluwiluwi vya minyoo, ngozi yake hupenywa ndani ya dakika chache, na baada ya miezi anakojoa damu upya.

Hili limepimwa hapa hapa visiwani. Kati ya 2012 na 2017, shehia (ngazi ndogo kabisa ya utawala Zanzibar) 45 za Unguja na 45 za Pemba ziligaiwa dawa mara mbili kwa mwaka. Baadhi yao ziliongezewa dawa ya kuua konokono. Nyengine zilipata elimu ya kubadilisha mazoea, pamoja na sehemu za kufulia nguo na vyoo vya kukojolea. Maambukizi yalishuka sana, ila hayakwisha. Yalibaki yameng'ang'ania katika baadhi ya shehia, na vidonge peke yake havikuweza kuyang'oa. Palipo na mto karibu na bomba kavu, watu watakwenda mtoni, hata wakifundishwa vipi.

Wataalamu huyaita mambo ya aina hii viamuzi vya kijamii vya afya, yaani hali ambamo mtu anazaliwa, anakua, anaishi, anafanya kazi na anazeeka. Kamisheni ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot ilitoa ripoti yake mwaka 2008, na hoja yake kubwa ni kwamba pengo la afya kati ya watu halitokani na bahati wala damu. Linatokana na namna fedha, madaraka na huduma zinavyogawiwa. Katika Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015, afya imewekwa lengo la 3, maji na usafi la 6, elimu la 4. Kwenye karatasi yametengana. Nyumbani kwa mtu yote yamo katika ua mmoja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Makunduchi, na unahusu choo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 matende na mabusha yalikuwa yameenea pale. Karibu nusu ya watu walikuwa na vimelea katika damu. Mbu aliyekuwa akivieneza ni Culex, ambaye hustawi katika maji machafu ya mashimo ya vyoo na makaro. Watafiti walimwaga juu ya maji hayo chengachenga nyeupe za polistirini, plastiki ile ile nyepesi inayokuja na televisheni ndani ya boksi. Chenga huelea na kufanya tabaka. Kiluwiluwi hakipati pa kuvutia hewa, na mbu jike hapati pa kutaga. Wakati huo huo wananchi walipewa dawa. Mbu walipungua kwa miaka, kwa sababu chenga hazioshwi wala haziozi, na maambukizi yakaporomoka. Kwengine Unguja ambako dawa ilitolewa bila ya chenga, mbu waliendelea kama kawaida. Kwa maoni yangu, hakuna utafiti uliofanyika Zanzibar unaosema wazi zaidi kuwa shimo la choo lina uzito sawa na chumba cha wagonjwa. Tatizo ni kwamba hakuna kiongozi anayekata utepe chooni.

Kipindupindu nacho kina historia ndefu hapa. Mlipuko wa 1869 na 1870 uliua maelfu ya watu. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji. Leo shinikizo ni kubwa zaidi: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima, ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Wengi wanajenga Mjini Magharibi, juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu, ambalo halichuji vyema maji ya karo yanaposhuka kuelekea kisimani. Masika yakishuka, mabonde yanajaa, na karo ya mmoja inakuwa maji ya mtaa mzima.

Kuna na suala la mkono mtupu. Tangu Mapinduzi ya 1964 matibabu ya serikali yametangazwa kuwa bure, lakini nauli si bure, na siku ya kazi iliyopotea hairudishwi na mtu. Ndiyo maana mwani, uliofika mwambao wa mashariki ya Unguja mwaka 1989, naukubali kuwa habari ya afya. Mwanamke wa Paje anayeingia pwani maji ya bamvua yakikupwa, kufunga mbegu kwenye kamba, anapata fedha ambayo haombi: ya sare, ya dawa, ya gari ya kwenda kujifungua. Bahari ikipata joto mwani unakufa, na fedha hiyo inakwenda nayo. Kuhamia maji ya kina kunataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wao hawajui. Kwa wazee, Pensheni Jamii iliyoanza Aprili 2016 kwa kila aliyefika miaka 70, bila ya kuulizwa aliwahi kuajiriwa wapi, imefanya kazi kama hiyo. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, ikaongezwa baadaye.

Sasa tuje kwenye utalii, ambao ndio tumaini letu kubwa la uchumi. Katika vijiji kama Nungwi na Jambiani, chumba kimoja cha hoteli kubwa hutumia maji mara nyingi zaidi ya nyumba nzima ya mwanakijiji, na visima vya pwani vikivutwa kupita kiasi huingia chumvi. Miradi hiyo hufanyiwa tathmini ya athari za mazingira kabla ya kupata kibali, na wananchi hushirikishwa. Ningependa tathmini hiyo ilazimike kujibu pia: maji yatatoka kisima gani, maji machafu yatakwenda wapi, na wanaoteka kisima hicho leo watateka wapi mwakani. Na wanaoulizwa wawe pamoja na wanawake wanaobeba ndoo, si wanaume wa barazani peke yao.